Mashudu, pumba na mabua: hesabu ya maziwa ya mbuzi

Mgeta, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, mashamba ni madogo na malisho ya wazi ni haba. Hata hivyo, ndiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilikopeleka mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei mwishoni mwa miaka ya 1980, nao wakakubali. Wakulima wa huko huuza kabichi, karoti na njegere mijini. Majani na mashina yanayobaki shambani huingia horini.

Lakini mabaki ya mboga hayajazi ndoo. Mabua makavu ya mahindi nayo hushibisha tumbo tu, kwa kuwa protini yake ni ndogo. Mbuzi anayekamuliwa anahitaji nyongeza, na hapo ndipo mfugaji anapoingia sokoni: pumba kwenye mashine za kusaga, mashudu ya alizeti kutoka Singida na Dodoma, mashudu ya pamba kutoka Kanda ya Ziwa, molasi kutoka viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa. Mchanganyiko wa kawaida ni kilo 70 za pumba za mahindi, kilo 28 za mashudu ya alizeti na kilo 2 za madini na chumvi.

Tatizo ni kwamba kilichokuwa taka sasa kina wanunuzi wengi. Mashudu hayo hayo yanatakiwa na wafugaji wa ng'ombe, wa kuku na viwanda vya vyakula vya mifugo, vikiwemo vya Kenya. Mwenye mbuzi watatu hununua kilo mbili tatu dukani, kwa bei ya rejareja, tena wakati wa kiangazi ambapo majani yamekauka na kila mtu anatafuta.

Anayenunua pia aangalie anachopimiwa. Alizeti iliyokamuliwa bila kukobolewa hutoa mashudu yenye maganda mengi na protini kidogo, ingawa gunia lina uzito ule ule. Mashudu au pumba zilizovunda ni hasara zaidi: sumukuvu iliyo ndani yake hupita hadi kwenye maziwa. Maganda ya muhogo yaanikwe juani hadi yakauke ili kupunguza sianidi. Pumba nazo zizoeshwe kidogo kidogo, maana zikizidi ghafla huchafua tumbo la mbuzi na maziwa hushuka.

Mabua yanaweza kuongezewa thamani nyumbani. Kilo 4 hivi za urea huyeyushwa katika maji, hunyunyizwa kwenye kilo 100 za mabua yaliyokatwakatwa, kisha hufunikwa pasipite hewa kwa wiki tatu. Urea isiyochanganywa vizuri huua, hivyo kazi hii ianze chini ya usimamizi wa ofisa mifugo.

Kwa mfugaji mdogo, nafuu kubwa iko kwenye kununua kwa kikundi baada ya mavuno ya alizeti, mashine zinapokamua kwa wingi, na kuhifadhi magunia juu ya chaga, mahali pakavu.