Bwawa Juu ya Kantini

Saa sita na dakika 28 mchana wa Januari 25, 2019, ukuta wa bwawa la tope ulibomoka katika mgodi wa chuma wa Córrego do Feijão, Brumadinho, nchini Brazil. Ukuta huo wa mita 86 kwenda juu uliporomoka kwa muda usiofika sekunde 10. Bondeni chini yake kulikuwa na ofisi na kantini ya mgodi, na watu walikuwa wakila. Ving'ora havikulia. Walikufa watu 270, wengi wao wafanyakazi wa Vale, kampuni ya mgodi huo, na wa makandarasi wake.

Kipimo cha kawaida cha usalama hakioni hatari kama hiyo. Kiwango cha ajali migodini hupatikana kwa kuzidisha idadi ya majeruhi waliolazimika kukosa siku za kazi kwa milioni moja, kisha kugawa kwa jumla ya saa za kazi. Mgodi wenye watu 2,000, kila mmoja akifanya kazi saa 2,000 kwa mwaka, ukipata majeruhi wanne, kiwango chake ni 1. Hesabu hiyo hunasa vidole vilivyobanwa na vifundo vilivyoteguka, nayo ina manufaa: ikipanda, msimamizi anajua pa kuanzia. Maji yaliyojaa ndani ya ukuta haiyapimi.

Na Brumadinho tatizo lilikuwa maji. Mawe yenye chuma husagwa na kuoshwa, kisha mabaki yake humwagwa bwawani. Bwawa likijaa, njia ya bei nafuu ya kuinua ukuta ni kujenga tuta jipya kwa upande wa ndani, juu ya tope la zamani. Nafuu kweli, ila ukuta sasa umekalia kilekile unachozuia. Jopo la wataalamu lilieleza Desemba 2019 kuwa maji hayakuwa na njia ya kutosha ya kutoka, na mvua kubwa zikazidi kuudhoofisha ukuta. Tope lililosimama imara likawa uji ghafla. Miezi minne tu kabla ya hapo, bwawa lilikuwa limethibitishwa kwa maandishi kuwa imara!

Isitoshe, onyo lilikuwapo. Novemba 2015 bwawa la Fundão, katika jimbo la Minas Gerais iliko Brumadinho pia, lilipasuka na kuua watu 19.

Wiki tatu baada ya Brumadinho, mamlaka ya madini ya Brazil ilipiga marufuku kantini na ofisi za migodi chini ya mabwawa. Mwaka 2020 sheria ikakataza kabisa mabwawa ya tuta juu ya tope. Baadhi ya migodi sasa huchuja maji na kurundika mabaki makavu, kazi yenye gharama kubwa kuliko kumwaga tope bwawani.