Vijiti Viwili na Mpira wa Uzi: Mafundisho ya Kwanza kwa Wanaotaka Kufuma



Baridi haibishi hodi. Wenyeji wa milima ya Kivu wanajua vema jambo hili. Mji wa Bukavu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Butembo na Lubero iko juu zaidi. Wakati wa mvua, jua likiisha kutua, ukungu hushuka, na mtu mzima huvuta blanketi lake akalala. Lakini yuko mmoja nyumbani asiyeweza kuvuta blanketi wala kusema kwamba anaona baridi: ndiye mtoto mchanga.

Waganga hutufundisha kwamba joto la mwili wa mtoto mchanga likishuka chini ya digrii 36.5, mtoto huyo amekwisha kuingia katika hatari. Kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, na joto jingi hutokea hapo. Aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia yumo katika hatari kubwa zaidi, maana hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Kwa sababu hiyo katika nyumba za kuzalia watoto hupewa kofia mara wanapokwisha kupanguswa. Kofia hiyo ni kitu kidogo sana. Mtu aliyeanza kufuma mwezi huu aweza kuifanya kwa jioni chache.

Ndiyo maana leo twataka kusema habari za kufuma: kwanza kwa faida ya mtoto, tena kwa uzuri wa mavazi, na mwisho kwa manufaa ya roho.

Kazi ya zamani, kazi ya heshima

Wengine hudhani kwamba kufuma ni mchezo wa wazungu wenye nafasi. Sivyo. Soksi zilizofumwa kwa vijiti, za nyuzi za pamba, zimechimbuliwa katika nchi ya Misri, nazo ni za miaka mia nyingi iliyopita. Basi Afrika si mgeni katika kazi hii.

Wengine husema: hiyo ni kazi ya wanawake tu. Hilo nalo si kweli. Katika miji ya Ulaya ya zamani, vyama vya mafundi wafumaji vilikuwa mikononi mwa wanaume. Na hata leo, katika kisiwa cha Taquile, ndani ya ziwa Titicaca nchini Peru, wavulana hujifunza kufuma tangu utoto, na wanaume ndio wafumao kofia za kisiwa kile. Ufundi wao ulitukuzwa na UNESCO mwaka 2005. Kwa hiyo mvulana akitaka kujifunza, asichekwe.

Katika Kongo na Burundi, bibi zetu wengi walijifunza kufuma kwa Masista, au katika zile nyumba za mafunzo ya akina mama zilizoitwa foaye sosiali. Mjini Usumbura, ndio Bujumbura ya leo, foaye ilikuwako tangu mwaka 1946. Humo walifundishwa kushona, kupika, kupiga pasi, kufuma, na kutunza watoto. Mafunzo yale yalikuwa na upungufu wake, maana mara nyingi mwanamke alifundishwa kuwa mke wa karani tu, wala si kusimama mwenyewe. Lakini ufundi ukiisha kuingia mkononi ni mali ya mwenye mkono. Bibi wengi waliutumia kwa kulea jamaa zao, nao wakawarithisha binti zao.

Vyombo vinavyotakiwa

Vyombo si vingi. Yatosha vijiti viwili, uzi, mkasi, na sindano yenye tundu kubwa.

Anayeanza achague vijiti vya unene wa milimita 5, tena uzi mnene kiasi, laini, na wa rangi isiyokolea. Katika uzi mweusi vitanzi havionekani vema, hasa usiku kwa mwanga wa taa. Asiyekuwa na vijiti aweza kuchonga viwili kwa mwanzi mkavu: avichonge sawasawa, avisugue kwa karatasi ya msasa mpaka visikwaruze uzi. Wako wanaotumia spoki za baisikeli. Hizo ni nyembamba, zafaa uzi mwembamba tu, na mwanzo wake ni mgumu.

Uzi ukiwa ghali, tafuteni triko la mitumba lisiloliwa na nondo. Tazameni mishono yake ya pembeni: kama vipande viliunganishwa kwa uzi bila kukatwa kwa mkasi, triko litafumuka vizuri. Lifumueni, mzungushie uzi kwenye mgongo wa kiti, mfunge mahali pawili, mwoshe katika maji ya vuguvugu, kisha mtundike na kitu kizito kidogo chini yake. Ukikauka umenyoka. Hapo uzungusheni uwe mpira.

Namna ya kuanza

Fungeni kitanzi cha kwanza juu ya kijiti cha kulia. Kisha zungusheni uzi katika kidole gumba cha mkono wa kushoto, mwingize ncha ya kijiti chini ya uzi huo, mtoe kidole na kukaza kidogo. Mmepata kitanzi cha pili. Endeleeni hivyo mpaka kutimiza 20.

Sasa kijiti chenye vitanzi kishikwe kwa mkono wa kushoto. Kitanzi cha mbele hufumwa hivi: ncha ya kijiti cha kulia huingia katika kitanzi cha kwanza, kutoka mbele kwenda nyuma, uzi huzungushwa katika ncha hiyo, ncha huvutwa mbele pamoja na uzi, kisha kitanzi cha zamani huachwa kitoke katika kijiti cha kushoto. Mambo ni manne: kuingia, kuzungusha, kuvuta, kuacha. Wanafunzi wayaseme kwa sauti mpaka mikono izoee.

Kitanzi cha nyuma ni kinyume chake: uzi hukaa mbele ya kazi, ncha huingia kutoka kulia, uzi huzungushwa, nao husukumwa nyuma. Anayejua vitanzi hivi viwili anao msingi wa karibu kazi zote za kufuma, hata zile zinazotushangaza kwa uzuri wake.

Makosa ya anayeanza ni mawili. La kwanza ni kukaza mno, hata kijiti kisiweze kuingia. La pili ni kupoteza vitanzi au kuviongeza bila kujua. Dawa yake ni kuhesabu mwisho wa kila mstari. Mlianza na 20? Basi ziwe 20. Zikiwa 21, rudini nyuma papo hapo, maana kosa la mstari mmoja hufumuliwa kwa dakika mbili, lakini kosa la mistari thelathini hufumuliwa kwa machozi.

Kazi ya kwanza: shali na utepe wa kichwa

Shali ndiyo mwalimu wa kwanza. Anzisheni vitanzi 30 kwa vijiti vya milimita 5. Upana wake utakuwa sentimita 17 hivi. Fumeni mistari yote kwa vitanzi vya mbele, pasipo kubadili. Kitambaa cha namna hii hakijikunji pembeni, tena pande zake mbili zafanana. Uzi wa gramu 200 hivi watosha shali ya urefu wa mita moja na nusu.

Binti apendaye kupendeza asione haya. Kuvaa vizuri si dhambi, mradi moyo usipotee ndani ya nguo. Achague rangi mbili zinazopatana, kama buluu na nyeupe, au kahawia na manjano, abadilishe rangi kila baada ya mistari 10. Hesabu ya mistari iwe shufwa, ndipo mahali pa kuungana rangi patakapoonekana safi upande mmoja wote.

Kwa utepe wa kichwa, anzisheni vitanzi 16 tu, mfume vivyo hivyo mpaka sentimita 48, mfunge kazi, mshone ncha mbili pamoja. Ni vazi zuri la asubuhi za baridi, nalo halimalizi mpira mmoja wa gramu 50.

Kazi ya pili: kofia ya mtoto mchanga

Hapa tumieni vijiti vya milimita 4 na uzi laini wa unene wa kati. Anzisheni vitanzi 72. Fumeni viwili vya mbele, viwili vya nyuma, hivyo hivyo kwa sentimita 4. Sehemu hiyo hunyumbuka na kushika kichwa. Kisha fumeni mstari mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, mpaka kazi nzima iwe na sentimita 10.

Sasa mpunguze. Fumeni vitanzi 6, kisha viwili pamoja kama kimoja. Rudieni hivyo hadi mwisho: vyabaki 63. Mstari unaofuata fumeni wote kwa vitanzi vya nyuma. Kisha vitanzi 5 na viwili pamoja: vyabaki 54. Endeleeni hivyo, mkipunguza katika kila mstari wa mbele tu, mkipata 45, 36, 27, 18. Mwisho fumeni viwili viwili pamoja: vyabaki 9. Kateni uzi, mwupitishe kwa sindano ndani ya vitanzi hivyo 9, mvute kwa nguvu, mshone ubavu wa kofia.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, anzisheni 56, tena mwanze kupunguza kwenye sentimita 8.

Msitie kamba ya kufunga shingoni, wala vifungo, wala uzi wenye manyoya yanayoweza kuingia puani. Kofia ioshwe kwa maji ya vuguvugu, ikamuliwe pole bila kusokotwa, ikaushwe kivulini ikiwa imelazwa. Sufu ikitiwa katika maji ya moto hujikunja, haivaliki tena.

Lakini kofia peke yake haitoshi. Tangu mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, waganga walianza kuwaweka watoto wadogo mno kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Leo Shirika la Afya Duniani lashauri hivyo kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito chini ya kilo 2.5, saa nyingi za mchana na usiku. Mtoto hukaa pale na nepi yake, soksi, na kofia. Kifua cha mama ndicho moto. Kofia ni mlango unaouzuia moto usitoke.

Je, kuna faida ya fedha?

Haifai kudanganyana. Triko zima la mtu mkubwa hula uzi mwingi na majuma ya kazi, na sokoni triko la mitumba laweza kuuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya uzi wenyewe. Anayetaka kuuza aanze na vitu vidogo: kofia, soksi za watoto, utepe wa kichwa. Aandike katika daftari bei ya uzi na saa alizofanya, apate kujua kama ameuza au amegawa bure. Na akigawa bure, afanye kwa kupenda, si kwa kutojua hesabu.

Mama mfumaji

Karibu na mwaka 1400, mchoraji Mjerumani, Meister Bertram, alifanya picha za altare ya Buxtehude, ambazo sasa zatunzwa mjini Hamburg. Katika picha moja Bikira Maria ameketi akifuma vazi la Mtoto Yesu. Malaika wanamjia, wakichukua vyombo vya mateso. Mchoraji aliwaza habari ya kanzu isiyo na mshono, ile ambayo askari waliipigia kura chini ya msalaba, kama alivyoandika Yohane Mtakatifu. Maria hajaacha kazi yake. Vijiti vimo mikononi.

Kila mama afumaye ajua kidogo maana ya picha hiyo. Hajui mtoto atapita njia gani, wala hawezi kumwondolea kila baridi ya dunia. Lakini kofia ya usiku huu aweza kuimaliza.

Basi, ninyi mliokwisha kujifunza, baada ya shali yenu fumeni kofia mbili: moja ya nyumbani, na moja mpeleke kwa Masista au kwa wakunga wa nyumba ya kuzalia iliyo karibu. Kuna mtoto atakayezaliwa juma hili, ambaye mama yake hakupata kuandaa kitu. Tabita wa Yopa, tumsomaye katika Matendo ya Mitume, alililiwa na wajane walioonyesha nguo alizowashonea. Hakuacha hotuba, aliacha nguo, nazo zilisema vema kuliko maneno.