Nani Mwenye Roketi, na Vipuri Vyatoka Wapi?

Wakaazi wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, si wageni wa roketi. Kati ya mwaka 1967 na 1988, setilaiti zilirushwa kutoka majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa baharini hapo. Mojawapo iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya taifa, ikapewa jina Uhuru. Kituo kilikuwa cha Italia, roketi aina ya Scout ilitengenezwa Marekani, na bahari ilikuwa ya Kenya.

Eneo hilo liko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kuondoka kwa kasi zaidi. Faida hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni biashara yenyewe: siku hizi kampuni ndogo za kibinafsi pia hurusha roketi. Kabla ya kampuni kama hiyo kukaribishwa popote, kuna maswali mawili ya msingi: mmiliki wake ni nani, na vipuri vyake vinatoka wapi?

Kampuni iliyosimamishwa kwa sababu ya mwenye hisa

Kampuni ya Firefly, iliyoko Texas, Marekani, ilianzishwa mwaka 2014. Ilipoishiwa na fedha, mali yake ilinunuliwa mwaka 2017 na Noosphere Ventures, kampuni ya uwekezaji ya Max Polyakov, mfanyabiashara mzaliwa wa Ukraine. Fedha zake ndizo zilizoifufua. Roketi yake ya Alpha, inayoweza kubeba takriban tani moja, ilijaribiwa mara ya kwanza Septemba 2021 ikalipuka angani.

Kabla ya jaribio la pili, serikali ya Marekani iliingilia kati. Nchi hiyo ina kamati maalum, iliyoundwa mwaka 1975, inayochunguza uwekezaji wa kigeni unaogusa usalama wa taifa. Teknolojia ya roketi ya setilaiti iko karibu sana na ile ya makombora, na hofu ilikuwa kwamba siri zake zingeweza kuvuka mpaka. Mwishoni mwa 2021 Noosphere ilitakiwa kuuza hisa zake, na maandalizi katika kituo cha Vandenberg, California, yakasimama. Mwaka 2022 hisa hizo zilinunuliwa na kampuni ya Kimarekani, AE Industrial Partners. Alpha iliruka tena Oktoba mwaka huo.

Mwaka 2024 serikali hiyo hiyo ilimwondolea Polyakov masharti iliyomwekea. Lakini hisa zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Vipuri vilivyokatika

Swali la pili lilijibiwa na vita. Roketi ya Antares, ya kampuni ya Northrop Grumman, ilikuwa ikipeleka mizigo katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Sehemu yake ya chini ilitengenezwa Dnipro, Ukraine, na injini zake zilitoka Urusi. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, njia zote mbili zilifungwa. Vifaa vilivyokuwa vimeshafika vilitosha safari mbili pekee, na ya mwisho ilikuwa Agosti 2023. Baada ya hapo mizigo ilibidi ibebwe na roketi ya SpaceX.

Agosti 2022 Northrop Grumman ilitangaza kwamba sehemu mpya ya chini ya Antares itatengenezwa Marekani, na mshirika iliyemchagua ni Firefly.

Inamhusu vipi mkaazi?

Siku ya kurusha roketi, sehemu ya bahari hufungwa kwa usalama, na mvuvi hubaki nchi kavu. Ardhi hutengwa kwa miaka mingi. Mradi ukikwama kwa sababu ya mwenye hisa au injini iliyozuiliwa ng'ambo, ajira husimama, lakini ardhi hubaki imefungwa kwa mkataba.

Sheria za Kenya zinampa mwananchi kinga kadhaa:

• Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Kampuni huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa tu inamilikiwa kikamilifu na raia.

• Kanuni za mwaka 2020 zinaitaka kila kampuni iliyosajiliwa nchini kumtajia Msajili wa Kampuni wamiliki wake halisi, yaani watu wenye asilimia 10 au zaidi ya hisa, hata kama wamejificha nyuma ya kampuni nyingine.

• Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 humpa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali.

Masuala ya ulinzi na uhusiano na nchi za nje ni ya Serikali ya Kitaifa. Mipango ya ardhi na uvuvi yako pia katika majukumu ya kaunti, na ushirikishwaji wa umma ni takwa la Katiba.

Kwa hivyo, mradi wowote mkubwa unapoletwa mbele ya wananchi, wa roketi au wa chumvi, mkaazi ana haki ya kuuliza: Nani mwenye hisa? Vifaa muhimu vinatoka nchi gani, na vikizuiliwa kuna njia nyingine? Mradi ukisimama, ardhi itarudi kwa nani, na mvuvi atafidiwa vipi? Wakati wa kuuliza ni kabla ya mkataba kutiwa sahihi.