Kompyuta ya Moteri: Tupime Kwanza Ndipo Tununue



Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo wazazi na vijana wa garaji wanatuuliza mara nyingi: pikapu ya zamani imegoma kuwaka, fundi anasema "kompyuta imekufa," tufanye nini? Kwa familia nyingi hii si habari ndogo. Pikapu ndiyo inabeba viazi na mkaa, ndiyo inapeleka mgonjwa hospitali usiku. Tena tunaishi karibu na volkano. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walikimbilia Gisenyi usiku uleule. Siku kama ile, gari inayowaka ni uzima.

Na pesa nazo ni chache. Tumeona watu wakiuza mbuzi ili kununua kompyuta, inafungwa, na gari bado haiwaki. Kumbe shida ilikuwa waya mmoja ulioshika kutu.

Je, gari yako iko na kompyuta kweli?

Hili ni swali la kwanza. Toyota Hilux za dizeli za zamani zenye moteri ya 2L, 3L au 5L zinatumia pampu ya dizeli ya kawaida, ya chuma. Hakuna kompyuta inayoongoza mafuta. Kuna kisanduku kidogo tu cha kupasha plagi za joto asubuhi. Mtu akikuuzia "kompyuta ya moteri" kwa gari ya namna hiyo, mkimbie.

Lakini ukiona maandishi EFI au D-4D, au jina la moteri lina herufi E mwishoni kama 22R-E au 1KZ-TE, hapo kompyuta iko. Kazi yake ni kusoma sensa: joto la maji, hewa inayoingia, mwendo wa moteri. Halafu inaamua mafuta kiasi gani yaingie na saa gani.

Pima haya kabla ya kuilaumu

Kompyuta yenyewe hufa mara chache. Mara nyingi ni vitu vinavyoizunguka.

1. Betri. Moteri ikiwa imezimwa, betri nzima inaonyesha karibu volti 12.6. Moteri ikiwaka, ipande kupita 13.5. Betri ikiwa chini sana, kompyuta inachanganyikiwa.

2. Fyuzi na rilei ya EFI. Zitoe, uziangalie kwa macho na kwa mita.

3. Waya wa masi, ule wa negativu unaoshika bodi na moteri. Fungua, kwangua kutu, kaza tena. Hapa ndipo ugonjwa mwingi unajificha.

4. Taa ya moteri kwenye dashibodi. Fungua ufunguo bila kupiga stata. Taa inatakiwa iwake. Isipowaka kabisa, au globu yake imekufa, au kompyuta haipati umeme.

5. Sensa. Kompyuta inazitumia sensa umeme wa volti 5. Sensa moja ikipiga shoti, volti 5 zinapotea na kompyuta nzima inaonekana kama imekufa. Chomoa sensa moja moja ukiwa unapima. Volti zikirudi, mwizi umemkamata.

Toyota za petroli za miaka ya 1990 ziko na siri nzuri. Chini ya boneti kuna kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, fungua ufunguo, kisha uhesabu taa ya moteri inavyowaka. Ikiwaka na kuzima sawasawa bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa. Ikiwaka mara 2, ikapumzika kidogo, ikawaka tena mara 2, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Hiyo ni kazi ya waya tu, haiombi mashine ya gharama.

Kuifikia

Kwenye Hilux nyingi kompyuta iko ndani, upande wa abiria: nyuma ya kisanduku tunachowekamo karatasi za gari, au nyuma ya plastiki ya pembeni penye miguu. Kwa sababu Rwanda na Kongo usukani uko kushoto, tafuta upande wa kulia.

Toa ufunguo. Fungua negativu ya betri kwa spana 10. Kama gari iko na mifuko ya hewa (waya zake ziko na soketi za njano), ngoja kwanza zaidi ya sekunde 90, na soketi hizo usiziguse. Toa plastiki polepole, zile ndimi zake zinavunjika upesi. Shika chuma cha bodi kwa mkono ili umeme wa mwilini utoke. Kisha bonyeza ulimi wa soketi na uvute soketi yenyewe. Usivute waya hata siku moja.

Angalia pini. Ukiona rangi ya kijani au alama ya maji, umepata sababu. Mvua inapenya pembeni mwa kioo cha mbele na kushuka palepale. Wa Rubavu tunakumbuka usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, Sebeya ilipofurika, na katika nchi nzima zaidi ya watu 130 walifariki. Gari iliyoingiwa na maji namna ile usifungue ufunguo kabisa. Toa negativu, toa kompyuta, ifungue, isafishe kwa spiriti na brashi laini, iache ikauke siku kadhaa mbali na moto. Zingine zinapona.

Angalia pia vile vikopo vidogo vya kapasita juu ya kibao. Kwenye kompyuta za zamani vinavuja, vinaacha doa na harufu kama ya samaki. Fundi mzuri wa redio anaweza kubadilisha, na bei yake haifiki hata karibu na ya kompyuta nzima.

Kama ni lazima ununue

Soma namba iliyo juu ya kompyuta. Nyingi za Toyota huanza na 89661, kisha zinafuata namba au herufi zingine tano. Zote zifanane. "Inafanana kwa sura" si jibu. Ukinunua iliyotumika, patana na muuzaji mbele ya shahidi kwamba isipofanya kazi utairudisha. Ya zamani usiitupe wala usimwachie mtu.

Kama ufunguo wa gari uko na chipu ya kuzuia wizi, kompyuta ngeni itakataa kuwasha moteri mpaka ilinganishwe na ufunguo. Uliza hilo kabla ya kutoa faranga.

Kufunga ni kurudi njia uliyokuja nayo, negativu ikiwa ya mwisho. Lakini kama ya kwanza iliungua, tafuta kwanza kilichoiunguza. La sivyo na ya pili itafuata.

Neno kwa vijana wetu

Kinachoua kompyuta mara nyingi ni mikono yetu: kugeuza waya za betri wakati wa kuomba moto kwa gari nyingine, na kuchomelea bodi bila kutoa negativu. Mkichomelea, toeni negativu na soketi za kompyuta pia.

Mita ndogo ya umeme ni chombo cha bei nafuu. Familia yenye kijana garajini, mtafutieni moja. Itawaokolea mbuzi wengi.