Beira Baada ya Idai: Mji Unaojengwa Upya Huku Ukijiandaa kwa Kimbunga Kingine

Usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na Beira, mji wa bandari ulioko Mkoa wa Sofala, katikati ya Msumbiji. Upepo uling'oa mapaa na kukata umeme pamoja na mawasiliano. Siku zilizofuata, mito ya Pungwe na Buzi ilifurika na barabara kuu iendayo Zimbabwe ikakatika. Zaidi ya watu 600 walipoteza maisha nchini Msumbiji. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka misaada ya chakula na dawa.

Hatua ya kwanza baada ya uokoaji ilikuwa kuzuia magonjwa. Mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa Machi 27, na Aprili 3 kampeni ya chanjo ya matone ilianza. Zaidi ya watu 800,000 walichanjwa katika Beira na wilaya jirani, na mlipuko ukadhibitiwa.

Hatua ya pili, yaani ujenzi, ni ndefu zaidi. Katika mkutano wa wahisani uliofanyika Beira kuanzia Mei 31 hadi Juni 1, 2019, mahitaji ya ujenzi baada ya vimbunga vya mwaka huo yalikadiriwa kuwa dola za Marekani bilioni 3.2. Ahadi zilizotolewa zilikuwa takriban bilioni 1.2. Pengo hilo ndilo lililofanya kila uamuzi wa nini kitangulie kuwa mzito.

Ugumu wa Beira unatokana na mahali ulipojengwa. Ardhi yake ni tambarare, na baadhi ya maeneo yako chini ya kimo ambacho bahari hufikia wakati wa bamvua. Mvua kubwa inaponyesha maji yakiwa yamejaa, maji ya mitaani hukosa pa kwenda. Kwa sababu hiyo mji unategemea mifereji yenye milango, ambayo hufungwa bahari inapojaa na kufunguliwa inapokupwa ili maji ya mvua yatoke. Sehemu ya mifereji hiyo ilikarabatiwa kabla ya Idai kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mto Chiveve unaopita katikati ya mji nao ulisafishwa, mikoko ikapandwa, na kando yake ikatengwa bustani ya umma inayopokea maji ya mafuriko.

Kwa upande wa nyumba, somo kubwa limekuwa paa. Bati lililopigiliwa misumari michache huchukuliwa na upepo, na ukuta usioshikiliwa juu huanguka baadaye. Ujenzi salama hutaka kenchi zifungwe imara kwenye mkanda wa zege, na mabati yashikiliwe kwa misumari ya kutosha, hasa kwenye kingo.

Januari 23, 2021, kimbunga Eloise kilipiga karibu na Beira na kuleta mafuriko tena, wakati familia nyingi zilikuwa bado zikiishi katika makazi ya muda. Tukio hilo lilionesha kwamba kimbunga hakisubiri ujenzi ukamilike.

Somo hilo linaihusu pia pwani ya Tanzania. Aprili 2019, wiki chache baada ya Idai, wakazi wa Mtwara walitakiwa kuchukua tahadhari dhidi ya kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimepungua nguvu.

Hivyo, wananchi wa ukanda wa pwani wanashauriwa kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kutojenga kwenye mikondo ya maji, kutunza mikoko, kuzibua mitaro kabla ya msimu wa mvua, na kuimarisha mapaa mapema. Gharama ya kufunga kenchi vizuri leo ni ndogo kuliko ya kujenga nyumba upya.