Mzigo wa Masomo Kabla ya Kuomba Udaktari Marekani

Mzazi aliyesoma Tanzania anaijua njia ya udaktari hivi: kijana anamaliza kidato cha sita na PCB, akifaulu vizuri anaingia chuo cha tiba, anasoma MD miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Kenya, matokeo ya KCSE ndiyo yanayompeleka kwenye MBChB ya miaka sita. Basi huku Marekani binti akimaliza sekondari na alama za juu, halafu akasema inabidi asome shahada nyingine kwanza ndipo aombe udaktari, nyumbani huzuka maswali. Wapo wanaodhani anazubaa.

Hazubai. Chuo cha tiba hapa hupokea watu ambao karibu wote wana shahada tayari, na utaratibu huo una historia. Mwaka 1893 shule ya tiba ya Johns Hopkins ilianza kwa kudai shahada kwa kila mwanafunzi, wakati shule nyingi nyingine zilimchukua yeyote mwenye ada. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu asiye daktari, alitoa ripoti kuhusu shule 155 za Marekani na Kanada, akaifanya Hopkins kuwa kipimo. Shule nyingi dhaifu zilifungwa. Zilizobaki zikadai msingi wa biolojia, kemia na fizikia pamoja na maabara zake. Sisi watu weusi tusisahau gharama yake: kati ya shule saba za tiba za Wamarekani weusi zilizokuwepo, ripoti ilipendekeza kubakizwa mbili tu, Howard na Meharry, na zile nyingine zikafa. Mtihani wa kuingilia ulifuata mwaka 1928, kwa sababu wengi walioanza tiba walikuwa wakishindwa njiani. Mtihani huo ndio uliokuja kuwa MCAT ya leo.

Ubishi mwingi wa nyumbani ungekwisha kama kila mtu angeelewa jinsi alama zinavyohesabiwa. Mwombaji wa shule nyingi za MD hupeleka alama zake AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, na huko hukokotolewa wastani wa masomo yote na wastani wa peke yake wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Somo likirudiwa, alama ya zamani haifutwi. Zote mbili zinahesabiwa. Chukua kijana aliyemaliza krediti 60 kwa wastani wa 3.0. Hata akipata A katika kila somo la krediti 60 zinazofuata, ataishia 3.5. Na wastani wa wanaoingia shule za MD miaka hii ni karibu 3.8. Muhula mmoja uliobebwa kwa pupa hugharimu mihula kadhaa kuurekebisha.

Krediti zenyewe hazionyeshi uzito wote. Maabara ya saa tatu kwa wiki, pamoja na ripoti yake, mara nyingi ni krediti moja tu. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye kemia ya ogania, fizikia na biolojia kwa pamoja anaweza kuonekana ana krediti 15 za kawaida, kumbe mchana wake wote umeishia maabara. Mimi naona masomo mawili ya sayansi yenye maabara kwa muhula yanatosha, hasa mwaka wa kwanza. La tatu lisubiri, au lisomwe kiangazi. Ila anayetaka kupunguza achunge asishuke chini ya krediti 12, maana hapo msaada wa masomo unaweza kupungua, na mwenye viza ya F-1 anatakiwa kusoma muda wote.

Halafu kuna kazi. Vijana wetu wengi wanapiga zamu za usiku katika nyumba za wazee, na sehemu ya mshahara inavuka bahari. Kazi hiyo ni ya heshima na inaandikwa kwenye maombi kama uzoefu wa kuhudumia wagonjwa, kwa hiyo kijana hana haja ya kuiacha akatafute kujitolea kwingine. Lakini zamu ya usiku kabla ya mtihani wa ogania ni hasara, na familia inaweza kumpunguzia mzigo huo.

MCAT yenyewe tangu 2015 imeongezewa biokemia, saikolojia na sosholojia, na mtu hukaa pale saa saba na nusu, mapumziko yakiwemo. Kuisomea katikati ya muhula mzito ni kuharibu viwili kwa mpigo. Ndiyo maana wengi huisomea kiangazi au baada ya shahada, na walio wengi kati ya wanaoingia tiba hapa wamepitisha mwaka mmoja au zaidi baada ya chuo. Mzazi, mwaka huo usiuite wa kupotea.

Na kwa familia zenye kipato kidogo: AAMC, shirika linaloendesha MCAT na AMCAS, ina mpango wa kupunguza ada za MCAT na za maombi. Uko wazi kwa raia, wenye kadi ya kijani na pia wakimbizi, wakiwemo ndugu zetu wengi kutoka Kongo. Mwombe kijana ajaze fomu yake kabla hajalipa chochote, kwa sababu ada iliyokwisha kulipwa hairudishwi kupitia mpango huo.