Injini Nyingine Katika Pikapu Kuukuu: Hesabu Kwanza, Spana Baadaye

Ziko pikapu nyingi katika Mashariki ya Uganda ambazo zimeishi kuliko injini zilizozaliwa nazo. Bodi imepigwa rangi mara kadhaa, chesisi bado imenyooka na springi zabeba mzigo, lakini injini imechoka. Inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na kilima kidogo huifanya iheme. Hapo ndipo mwenye gari hushauriwa na kila mtu: “Toa hiyo ya petroli, tia ya dizeli.”

Ushauri huo waweza kuwa mwema. Lakini kwa jamaa ya askari iliyoweka akiba ya miaka mingi katika gari moja, ili wakati wa kustaafu libebe kabichi na ndizi kutoka miteremko ya Mlima Elgon hadi soko la Jinja, yafaa upimwe kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa. Wahenga walisema, rahisi ghali.

Ufundi wa siku za dhiki

Kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia na kuwapa siku 90 za kuondoka, maduka mengi ya vipuri na gereji zilipoteza wenyewe, na Jinja, mji wa viwanda, uliguswa sana. Miaka iliyofuata vipuri vilikuwa adimu. Gari lililokufa injini halikuwa na njia ila kutiwa injini ya gari jingine, na mafundi walijifunza kukata, kuchomelea na kukereza chuma ili visivyofanana vipate kufungana. Siku hizi injini zilizokwisha kutumika huletwa kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa. Shida ya leo si kupata injini, bali kujua iambatane na nini.

Injini haiji peke yake

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux ya miaka ya 1970, iliyotoka kiwandani na injini ya petroli ya 12R yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,587. Mwenyewe anataka dizeli ya 2L, yenye 2,446, au 3L, yenye 2,779. Injini hizo si za ukoo mmoja na ile ya kwanza. Tundu za bolti hazilingani na giaboksi ya zamani, kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hununua injini pamoja na giaboksi yake, klachi yake na stata yake. Giaboksi ikibadilika urefu, shafti ya propela nayo hukatwa au huongezwa, kisha husawazishwa isije ikatetemesha gari zima.

Dizeli ni nzito, nayo hutikisika zaidi. Mikono ya kuishikilia katika chesisi iwe imara na mipira yake iwe mizima, na springi za mbele zikaguliwe. Rejeta ya injini ndogo haitoshi kuipoza injini kubwa. Betri nayo iwe na nguvu, kwa sababu dizeli hukandamiza hewa mara ishirini au zaidi, na kuizungusha si kazi ndogo. Mafuta yanayobaki katika nozeli hurudi katika tangi, kwa hiyo lazima liwepo bomba la pili la kuyarudisha. Tangi lenyewe lisafishwe vizuri, kwani petroli ikichanganyika na dizeli huiondolea ulainisho pampu, na pampu ndiyo kipuri cha gharama kubwa.

Jambo linalosahauliwa: breki

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye hatari. Magari mengi yana busta, chombo kinachousaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Katika injini ya petroli, busta hupata nguvu kutokana na hewa inayonyonywa na injini yenyewe. Dizeli za aina hii hazina mnyonyo huo. Zimewekewa pampu ndogo ya kunyonya hewa, nayo kwa 2L na 3L hukaa nyuma ya jenereta ya kuchaji betri. Fundi akiiacha pampu hiyo, au akifunga jenereta ya aina nyingine isiyo nayo, gari litawaka na kutembea, lakini pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe.

Dereva huenda asitambue upesi. Barabara ya kutoka Jinja kupitia Iganga na Tirinyi hadi Mbale haina milima mikubwa. Pikapu isiyo na mzigo itaipita vizuri, na mwenyewe atasema kazi imekwisha. Kumbe mtihani uko mbele, katika njia za Bududa na Kapchorwa, pale gari linapoteremka na shehena na watu. Basi jaribio la kwanza lifanywe mahali tambarare, bila abiria: injini ikinguruma, breki ikanyagwe mara nyingi mfululizo, kisha mzigo uongezwe kidogo kidogo. Atakayepanda mlima kabla ya kufanya hivyo anaiweka rehani roho yake na za wenziwe.

Namba na karatasi

Askari wetu wa trafiki wanalijua hili vizuri. Kadi ya gari huandikwa namba ya injini pamoja na ya chesisi. Injini ikibadilishwa, mwenye gari apeleke habari kwa wenye mamlaka ya kusajili magari ili kadi isahihishwe. Aweke risiti ya ununuzi, na aisome namba katika chuma chenyewe kabla ya kulipa. Injini ambayo namba yake imesuguliwa isinunuliwe hata ikiuzwa kwa bei ya kuku. Huenda iliibwa, na msiba wake utamfuata mnunuzi.

Daftari la nyumbani

Kabla ya kwenda kwa fundi, mume na mke wakae pamoja na daftari. Upande mmoja waandike bei ya injini. Upande wa pili waandike giaboksi, shafti, rejeta, betri, mabomba, breki, kazi ya fundi, usajili, na majuma ambayo gari halitaleta kitu nyumbani. Kisha waulize bei ya kuifanyia ovaholi injini ya zamani kwa pistoni na ringi mpya. Mara nyingi watakuta kwamba upande wa pili umeushinda wa kwanza, na kwamba injini ya zamani ilistahili kutengenezwa tu.

Ikiwa hesabu bado yaonyesha faida, na wabadilishe bila hofu. Bali fedha ikitosha injini tu, na isitoshe breki, basi haijatosha.